Isale mpakani: kisa cha gemu ya Moshi iliyojaa historia isiyosomwa

Jina la gemu, timu iliyoitengeneza, koo zilizotajwa ndani yake na kijiji kilichochorwa yameondolewa. Idadi za wajaribu, za maneno na za sekunde zimeachwa kama zilivyokuwa kwenye kumbukumbu za timu, kwa kuwa ndizo zinazofundisha.

Mazingira ya kisa

Timu ilikuwa ya watu wanne mjini Moshi: mwandishi, mchoraji, mtengeneza programu, na mmoja aliyeshika sauti pamoja na majaribio. Walikuwa wanatengeneza gemu ya hadithi kwa simu za Android, kwa Kiswahili, ya kuchezwa kama saa tatu. Waliijenga kwa Godot, programu ya kutengenezea gemu, na mazungumzo yakaandikwa kwa Ink, lugha ya kuandikia hadithi zenye matawi ambayo imekuwa ikitolewa bure tangu 2016. Simu waliyoilenga ni ile ya kawaida mtaani: RAM ya GB 2, kioo cha inchi sita na kitu, na mchezaji anayeishika kwa mkono mmoja.

Hadithi iko miaka ya 1890, mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, yameacha kufika kwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, cha bibi mmoja. Mjukuu wake, ambaye ndiye mchezaji, anatumwa kuufuata mfongo kupanda mlima mpaka kwenye banio, mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni, ajue nani kayakata na kwa nini.

Fumbo hilo halifumbuki kwa mtu asiyejua mambo kadhaa. Mfongo ni wa ukoo uliouchimba, wengine huomba. Maji huenda kwa zamu, na usiku hukusanywa kwenye nduwa, bwawa dogo, ili asubuhi yashuke kwa nguvu. Asiyetokea siku ya kusafisha mfongo hutozwa. Isale, mmea wa majani marefu, hupandwa mpakani, na jani hilohilo hubebwa na anayekwenda kuomba msamaha. Nyuma zaidi kuna ugomvi wa koo mbili, simulizi ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Kilimanjaro, misafara ya Pangani, na Wajerumani. Mtu aliyekulia kihambani hahitaji kuambiwa hata nusu ya hayo. Aliyekulia Tandahimba au Kariakoo anahitaji yote.

Mwandishi alifanya kazi ya kweli. Alikaa na wazee, akarudi na faili la maneno zaidi ya 11,000. Tatizo lilianzia hapo, maana kitu ulichokihangaikia hivyo kinauma kukiacha nje.

Toleo la kwanza

Usuli ulipitishwa kwenye milango mitatu. Wa kwanza ulikuwa utangulizi wa maneno 640 yanayopanda skrini taratibu juu ya picha ya mlima. Wa pili ulikuwa kamusi ya gemu yenye vipengele 63, ikifunguliwa kwa kitufe cha pembeni kinachowaka kidoti chekundu kila kipengele kipya kinapoingia. Wa tatu ulikuwa bibi mwenyewe, na hapa inafaa kumsikiliza anavyomuaga mjukuu:

"Mjukuu wangu, kama unavyojua, mfongo huu ulichimbwa na babu wa babu yako, na watu wa ng'ambo waliomba maji kwetu wakati wa njaa, tukawapa zamu ya siku mbili kwa sharti kwamba watakuja kusafisha kila mwaka kabla ya masika."

Ni sentensi moja ya maneno 37, na ndani yake kuna umiliki, deni, zamu, sharti na majira. Halafu kuna lile "kama unavyojua". Kama anajua, anaambiwa ya nini? Bibi hapo ameacha kuzungumza na mjukuu na kuanza kumhutubia mtu aliyeshika simu, na sikio la Kiswahili hulinasa hilo mara moja, hata msomaji asipoweza kusema kasoro iko wapi.

Jaribio la kwanza

Wajaribu walikuwa 12: wanane wa Moshi, wanne wa Arusha, na kati ya hao 12 watano hawakuwa wenyeji wa Kilimanjaro. Kila mmoja alipewa simu aicheze gemu. Skrini ilirekodiwa, na programu ikaandika saa ya kufunguka na kufungwa kwa kila kisanduku cha maandishi. Msimamizi alikaa nyuma ya mjaribu na kukatazwa kusema lolote, hata mjaribu akikwama. Sharti hili ndilo gumu kuliko yote, kwani mtengenezaji akimwona mtu ameshindwa kuona mlango, mdomo unamwasha.

Tisa waliruka utangulizi. Kati ya watatu waliobaki, wawili walisema hawakujua kwamba unaweza kurukwa.

Kamusi ilifunguliwa na watu kumi, na mchoraji akafurahi, mpaka walipotazama saa. Vipengele vingi vilikuwa wazi kwa chini ya sekunde mbili. Watu walikuwa wanafuta kidoti chekundu, kama mtu anavyofuta ujumbe wa kampuni ya simu.

Kuhusu bibi, kumbukumbu zilionyesha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Maandishi yalikuwa yanajiandika herufi kwa herufi. Mguso wa kwanza ulijaza kisanduku, wa pili ulikwenda mbele. Lakini Kiswahili hujenga maneno marefu. Neno kama "hawakutufungulia" linakula nusu ya mstari wa herufi 34, kwa hiyo sentensi moja ya bibi ilivunjika visanduku viwili au vitatu. Mchezaji aliyechoka kusubiri aligusa mara mbili harakaharaka, na kisanduku kizima kikapita bila kuonekana. Kumbukumbu zilipopangwa, karibu theluthi ya visanduku vya bibi vilikaa kwenye skrini chini ya nusu sekunde baada ya kujaa. Timu ilidhani watu hawapendi kusoma, kumbe sehemu ya lawama ilikuwa ya kitufe.

Neno moja nalo likaleta vicheko. Bibi anasema, "Mangi akisikia haya..." Wajaribu watatu wasio wa Kilimanjaro waliuliza Mangi anauza nini. Nchini kote mwenye duka la mtaani anaitwa Mangi, kwa hiyo chifu wa Kichaga akaingia kwenye hadithi akiwa nyuma ya kaunta na sabuni za vipande.

Walipofika kwenye banio, mchezaji anapotakiwa kusema nani mkosaji, wote 12 walichagua. Wawili tu waliweza kueleza kwa nini.

Maamuzi, na sababu zake

Kwanza walirekebisha kitufe kabla ya kugusa neno lolote. Mguso wowote ndani ya milisekunde 250 baada ya kisanduku kujaa ulipuuzwa, herufi zikaharakishwa, na ukomo wa maneno 18 kwa kisanduku ukawekwa ndani ya faili la Ink ili mwandishi aonywe akizidisha. Utaratibu huu una maana. Ukibadilisha maandishi na kitufe kwa pamoja, hutajua kipi kilikuponya.

Pili, kila jambo la kwenye faili liliandikwa kwenye jedwali na kuulizwa swali moja: mchezaji asipojua hili, atakwama wapi? Lisilo na jibu lilitoka kwenye njia kuu. Katika vipengele 63, tisa tu vilikuwa na mahali pa kukwama. Ishirini na mbili vilikuwa vya kuonja, vizuri kama vipo. Thelathini na mbili vilikuwa vya waandishi, yaani vinamsaidia mwandishi asikosee lakini mchezaji hana kazi navyo. Mwandishi alipinga kwa siku mbili, na kwa sehemu alikuwa na haki, kama itakavyoonekana.

Wakati wa ubishi huo mwandishi alitaka usuli uhamie kwenye maelezo ya vitu, kama ilivyofanya gemu ya Dark Souls mwaka 2011, ambako historia kubwa imefichwa kwenye maelezo mafupi ya panga na pete. Wazo lilikataliwa kwa sababu ya msingi. Kule mchezaji hufungua maelezo ya upanga kwa kuwa anatafuta nguvu na uzito wake, na historia anaikuta njiani. Gemu hii haina namba kwenye vitu. Kibuyu ni kibuyu. Hakuna kinachompeleka mtu kusoma maelezo yake.

Tatu, mambo tisa ya lazima yalipewa mpangilio: yaonekane kwanza, yatendwe pili, yasemwe mwisho. Isale ndiyo mfano walioufanyia kazi zaidi. Mchezaji ana panga na kitufe cha kufyeka, na kwa dakika kumi za mwanzo anafyeka kila kitu njiani. Anafika mpakani penye mstari wa masale. Akibonyeza, kitufe kinafifia, hakifanyi kazi. Akirudia, mjukuu anasema maneno mawili: "Hili halikatwi." Saa moja baadaye bibi anamkabidhi jani hilohilo apeleke ng'ambo, na mchezaji ameshalijua kabla hajaelezwa.

Nne, "kama unavyojua" ilifutwa kwenye faili lote, na akaletwa mtu ambaye kweli hajui: mpagazi aliyeachwa na msafara wa Pangani kwa sababu ya kidonda cha mguu. Toleo la awali la wazo hili lilikuwa la kawaida, mgeni anauliza na bibi anajibu. Mtengeneza programu ndiye aliyeligeuza, akasema ajibu mchezaji. Tukio likawa hivi:

"Mdogo wangu, nikizibua hapa nijaze kibuyu na kunawa huu mguu, kuna ubaya?"

— "Zibua tu, maji ni ya Mungu."
— "Jaza kibuyu, ila uzibe. Leo si zamu yetu."
— "Ngoja nimwite bibi."

Mpagazi anaamini lolote atakaloambiwa. Akipewa jibu la kwanza, anazibua udongo na magome ya mgomba, ananawa, analala chini ya mti, na maji yanamwagika mpaka mchana. Watu wa ng'ambo wanafika. Kinachodaiwa ni mtungi wa mbege, pombe ya ndizi, nayo haipikwi siku moja: ndizi mbivu, ulezi wa kuotesha, kungoja. Mchezaji anapoteza siku nne za gemu na zamu moja ya maji.

Jibu la pili lilisahihishwa na mmoja wa wale wazee. Mwandishi alikuwa ameweka kwamba mgeni haruhusiwi kugusa maji kabisa. Mzee akasema maji ya kunywa hayanyimwi mtu, kosa ni kuacha pamefunguliwa. Sahihisho hilo la sentensi moja liliipa gemu kanuni bora kuliko ile iliyobuniwa. Mzee huyohuyo aliagiza tambiko la kwenye banio liondolewe, kwa kuwa si la kuonyeshwa hadharani, na likaondolewa likiwa limeshachorwa. Wiki ya mchoraji ilikwenda na maji.

Tano, kamusi haikufutwa. Ilibaki na vipengele 14 visivyozidi maneno 40 kila kimoja, vikiwa vimeandikwa kwa sauti ya mjukuu. Kidoti kiliondolewa. Neno lenye kipengele hupigwa mstari ndani ya mazungumzo, na likiguswa, kijidirisha hufunguka palepale bila kumtoa mchezaji kwenye tukio. Kipengele hakifunguki mpaka kitu chenyewe kimekutwa mara mbili. Mantiki ni kwamba mtu haulizi habari za kitu asichokiona.

Mangi aliachwa aitwe Mangi, lakini haitwi hivyo mpaka aonekane: kiti, walinzi, watu wameinama. Jina linakuja sekunde chache baada ya picha.

Jaribio la pili

Watu 12 wapya, masharti yaleyale. Waliofika kwenye uamuzi wa kwanza wa maana walitumia dakika kama 7, kutoka 19. Kwenye banio, wanane walitaja mkosaji na sababu kwa maneno yao wenyewe.

Mpagazi alifanikiwa kuliko kitu kingine chochote. Baadhi ya wajaribu walimdanganya kwa makusudi, kwa utani tu, na hao ndio walioeleza kanuni ya zamu vizuri zaidi mwishoni. Huwezi kumdanganya mtu kwa raha kama hujui ukweli wenyewe.

Isale iliwagawa watu. Wenyeji walicheka wakijitambua, na mmoja akasema bibi yake angemchapa. Lakini wawili wa Arusha walibonyeza mara mbili, wakasoma "Hili halikatwi", na bado wakasema kitufe kimeharibika. Kitufe kilichofifia kwenye simu kina maana moja tu, kwamba hakifanyi kazi, na mwiko haukusomeka hapo. Dawa ilikuwa kuacha kitufe kiwe kizima: mkono unapanda na panga, unasita, unashuka wenyewe, na kwa nyuma bibi anakohoa mara moja. Kikohozi hicho kilirekodiwa kwa dakika tano na kikafanya kazi iliyoshindwa na aya tatu.

Tukio la moto lilianguka kabisa. Bibi anasimulia jinsi Mawenzi alivyozoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, mpaka Kibo akachoka na kumpiga kwa mchi, ndiyo maana Mawenzi ana makovu na kilele chake kimechanikachanika. Ili mikono isikae bure, mchezaji alipewa kazi ya kupuliza makaa, akigusa skrini kila yanapofifia. Kwenye karatasi lilikuwa wazo zuri, simulizi ya kuomba moto ikisimuliwa motoni. Kwenye simu, macho yote yalikuwa kwenye makaa. Wajaribu 11 hawakuweza kusema Mawenzi alikwenda kuomba nini.

Walibadilisha simulizi kutoka maandishi kuwa sauti ya mama mtu mzima, sekunde 70. Kwa faili la sauti la Ogg la kilobiti 64 kwa sekunde, la chaneli moja, ukubwa ukawa KB 560, si mzigo. Lakini watu wengi huchezea kwenye daladala na sauti imefungwa, kwa hiyo programu ikawekewa kukagua kiwango cha sauti ya simu. Ikiwa ni sifuri, maandishi hutokea na makaa hayafifii mpaka kisanduku kifungwe.

Matokeo

Jaribio la tatu, la watu 12 wengine, lilitoa kumi walioeleza kisa cha banio. Kikohozi hakikumkosa mtu. Maneno ambayo mchezaji lazima ayasome yalishuka hadi karibu 3,900, na kazi nzima ya marekebisho ilichukua majuma manane, ambayo matatu kati yake yalikuwa ya mpagazi peke yake, kwa sababu kila uongo anaoambiwa unahitaji tawi lake. Gharama hiyo isidharauliwe. Timu ya watu wanne inaweza kubeba mgeni mmoja wa namna hii. Wawili wangeizamisha.

Kilichofanya kazi, na ambacho hakikufanya

Mambo tisa ya lazima yote yana sura moja: ni sheria. Zamu, mpaka, faini, msamaha. Sheria huingia kwenye gemu bila taabu kwa sababu gemu yenyewe ni sheria. Mchezaji akiivunja, kuna kitu kinatokea, na amejifunza. Ndiyo maana mfongo ulifundishika bila hotuba.

Usuli usio sheria ulikataa njia hiyo, na hapo pingamizi la mwandishi linapata uzito. Mwaka 1892 Mangi Meli wa Old Moshi aliwashinda Wajerumani, mwaka uliofuata wakarudi na kumshinda, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pamoja na viongozi wengine. Mambo haya yanazunguka hadithi nzima, lakini kwenye jedwali yalipata jibu moja: mchezaji asipojua, hakwami popote. Yakatolewa. Kilichobaki ni kadi moja baada ya mwisho wa gemu, yenye tarehe na sentensi mbili. Katika jaribio la tatu, wajaribu wanne wa Moshi waliiona kadi hiyo kama dharau. Mmoja alisema gemu imemkumbuka kama mtu anayekumbuka msiba wakati watu wanakunja majamvi.

Swali la jedwali lilikuwa sahihi kwa kazi ya kuondoa takataka, lakini lilitumika hata pale ambapo uzito wa jambo hautokani na kukwama. Palihitajika swali la pili: mchezaji asipojua hili, atakuwa ametendwa isivyo haki, yeye au wanaosimuliwa? Kuna njia iliyokwisha kujaribiwa kwa mambo ya namna hii. Gemu ya Never Alone ya 2014, iliyotengenezwa pamoja na Wainupiat wa Alaska, haikulazimisha historia yao yote iwe sehemu ya fumbo. Iliweka video fupi za wazee na watu wengine wa jamii hiyo wakizungumza, zikifunguka kadiri mchezaji anavyosonga, na aliyetaka alizitazama. Mzee aliyesahihisha kanuni ya maji angefaa kabisa kwa kazi hiyo, lakini hakuna aliyemuuliza kuhusu 1900. Aliulizwa juu ya mifongo tu.

Kosa jingine la timu lilikuwa la kalenda. Mzee alionyeshwa gemu baada ya picha kukamilika. Angeonyeshwa michoro ya penseli, tambiko lingeondoka kwa dakika moja badala ya juma.

Na kuna jambo ambalo majaribio haya hayangeweza kulipima, kwa kuwa wajaribu wote walikuwa wa Moshi na Arusha. Hata yule asiye Mchaga alikuwa ameuona mlima dirishani, amekunywa mbege au amemwona anayeinywa. Kikohozi cha bibi kinamtegemea mtu anayejua kwamba mzee akikohoa hivyo, unaacha ulichokuwa unafanya. Jaribio la nne limepangwa kufanyika Pwani. Kadi ya 1900 bado iko mwishoni mwa toleo la majaribio: mwandishi anataka ihamie katikati ya hadithi, mchoraji anataka ipewe sauti ya mzee, mtengeneza programu anasema yoyote kati ya hizo mbili ifanyike kabla ya masika, na hakuna aliyekwishakubaliana na mwenzake.